Mkwe Langoni

Koplo Leodgar Nyamhanga alitumikia magereza miaka kumi na saba, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kumpiga mfungwa wala kupandishwa cheo kupita koplo. Wenzake walisema mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Yeye hakuwa na nguvu ya kubishana nao. Mwaka wa themanini na tatu ulipoingia alikuwa amechoka ule uchovu usioondoka kwa kulala. Suruali ya sare ilikuwa na kiraka juu ya kiraka, buti la kushoto limefungwa kwa waya, na kila unga wa wafungwa ulipochelewa ni yeye aliyesukumwa mbele kuwaambia kwamba leo tena ni mihogo.

Gereza lenyewe sina haja ya kulitaja. Lilikuwa dogo, gereza la shamba, upande wa Bunda, na wafungwa wake walilima pamba na mahindi na kuchunga ng'ombe wa serikali. Wizara ya Mambo ya Ndani ilikuwa Dar es Salaam, na kwa askari wa huku chini wizara ilikuwa mhuri kwenye barua na sauti ya kiongozi redioni siku ile betri zilipopatikana. Watu wa mikoa mingine walidhani kwa kuwa tuko jirani na Butiama, nyumbani kwa Rais, basi sukari inatufikia kwa mlango wa nyuma. Laiti wangeona askari wakifua sare kwa majani ya mpapai.

Mkewe aliitwa Justina. Alikuwa binti wa Mzee Mwikwabe, mfugaji na mkulima wa pamba wa kijiji kisicho mbali na gereza lile. Walifunga ndoa kanisani, lakini kabla ya kanisa walitoka ng'ombe kumi na wawili kwao Leodgar, Bugwema, wakaswagwa mpaka zizini kwa Mwikwabe, na kwa watu wa upande ule hapo ndipo ndoa ilipofungwa. Padre alikuja kuibariki tu. Ng'ombe wakishapokelewa, mkwe ni mkwe. Hamtazamani machoni. Mkikutana njiani mmoja anachepuka. Neno likiwepo, linapitia kwa mtu wa tatu hata kama mmesimama uani pamoja. Na mwili wa mkwe hauonekani kabisa. Mwanamume akimwona baba wa mkewe bila nguo, amejitia laana yeye na watoto wake, na mbuzi wa kuiondoa hajazaliwa.

Ndiyo kusema, Leodgar na Mwikwabe walipendana sana bila kuongea. Msimu wa pamba mzee alituma watoto wake wamsaidie Leodgar kulima Bugwema. Leodgar naye alipopata chumvi aliigawa nusu kwa nusu na kumpa Justina apeleke kwao. Walijuana kwa vitu walivyopelekeana.

Mwaka ule serikali ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Walanguzi wakubwa wengine walikamatwa na wengine waliusikia upepo mapema wakatulia. Mzee Mwikwabe hakuwa na masikio ya namna hiyo. Alikuwa amempeleka dume wake kuuzwa Sirari, mpakani, akarudi na katoni mbili za sabuni ya Kenya, chumvi na doti kadhaa za khanga kwa ajili ya wakaza wana wake na majirani waliomwagiza. Mgambo walimkuta barabarani akipumzika, amekalia mzigo wenyewe. Hakimu akampa miaka mitatu.

Lori lilileta wafungwa wapya mchana. Leodgar alikuwa langoni na funguo. Alipomwona mzee anashushwa, mikono imefungwa pingu, alifanya alichofundishwa tangu siku ya mahari: akageuka akatazama ukuta. Wafungwa wakacheka wakidhani ana wazimu. Sajini Boniphace, mwenyeji wa Bunda kama mzee, alielewa mara moja.

"Nenda kaangalie zizi," alimwambia kwa sauti ya chini. "Huyu nitampokea mimi."

Shida haikuwa kumfungia mlango mzee. Shida ilikuwa upekuzi wa jioni. Kila siku wafungwa waliporudi kutoka shambani walijipanga langoni, wakavua nguo zote, wakainua mikono, wakaruka, na askari wa zamu akawapapasa nguo na kuwatazama mmoja mmoja asije mtu akaingia na tumbaku au chuma. Ndivyo ilivyoandikwa katika kanuni, na kanuni haikuuliza nani ni mkwe wa nani.

Mkuu wa gereza wa wakati ule alikuwa mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Sajini alimweleza, naye akakuna kidevu, akasema hata kwao Usukumani mambo hayo yapo. Ikapangwa Leodgar akae zamu za asubuhi, na ikitokea yuko langoni jioni, Boniphace atamshughulikia mzee mwishoni, mwenzake akiwa amegeuka. Utaratibu ule haukuwa umeandikwa popote. Ulifanya kazi mwaka mzima na zaidi.

Ila kumbuka Justina alikaa kota za askari, hatua chache kutoka kwenye ukuta wa gereza. Alfajiri, kabla mumewe hajaingia zamu, wafungwa walipohesabiwa alikisikia kikohozi cha baba yake. Alikuwa akikoroga uji, mumewe akifunga buti kwa waya, kisha mmoja wao anasema neno juu ya kuni.

"Anakula?" aliuliza siku moja.

"Anakula wanachokula wenzake."

"Na wewe unamwonaga?"

"Simwoni," Leodgar alisema. "Ninajua tu yuko wapi, ili nisitazame huko."

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata Leodgar alipanda lori la samaki mpaka Musoma, ofisi ya mkoa, kuomba uhamisho. Alitaka gereza lolote, hata la mbali, mradi lisiwe na mkwe wake ndani. Ofisini alimkuta karani aitwaye Benedikta, mkazi wa Mwisenge, mama mwenye miwani iliyokatika mkono, akinywa chai isiyo na sukari. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kaka yangu, sababu za uhamisho ni ugonjwa, kumfuata mwenzi wako, au masomo. Mkwe hayumo."

"Basi iandikwe kama ilivyo."

"Nikiandika kama ilivyo, ikifika Dar es Salaam watu watacheka, halafu wataiweka chini ya nyingine. Andika unaumwa mgongo. Nani haumwi mgongo mwaka huu?"

Leodgar alikataa. Hakuwa mtakatifu, alikuwa amechoka tu, na uongo unahitaji mtu wa kuukumbuka. Benedikta akatikisa kichwa, akaichapa barua kama ilivyo, akaituma. Haikujibiwa. Leodgar alirudi Musoma mara nyingine mbili, na mara zote mama yule alimkaribisha kiti na kumwambia bado.

Kisha mkuu yule mzee akastaafu, akaja mwingine. Alikuwa kijana bado, mtu wa mbali kabisa na Mara, mwenye sare mpya na haraka ya kupanda. Sitamtukana. Alikuta gereza limelegea na aliambiwa alikaze. Wiki chache baada ya kufika, kisu kilikutwa selo, kimefichwa chini ya mkeka. Akaitisha askari wote akauliza kimepita wapi. Mmoja, ambaye Leodgar hakumjua mpaka leo, akasema kuna mfungwa mmoja hapekuliwi sawasawa, kuna koplo anageukaga ukutani akifika zamu yake.

Kisu kile, ilikuja kujulikana baadaye, kilitoka jikoni kwa askari wenyewe. Lakini hayo yalijulikana baadaye.

Jioni ile mkuu alikuja langoni mwenyewe. Wafungwa walikuwa wamejipanga kwa safu, wamechoka na vumbi la shamba, na Sajini Boniphace alikuwa hospitali ya wilaya na malaria. Wote walivua, wakapekuliwa, wakavaa, wakaamriwa wakae chini. Akabaki Mzee Mwikwabe peke yake amesimama na kaptula yake nyeupe, na Leodgar mbele yake amegeukia ukuta.

"Koplo," mkuu akasema, "mpekue huyo."

Leodgar hakugeuka. "Afande, huyu ni baba wa mke wangu."

"Najua. Kwetu mkwe ni mzazi, na mzazi akiwa mfungwa anapekuliwa. Mpekue, au vua mkanda huo uniachie hapa, uondoke kota leo."

Leodgar aliwaza watoto wake watatu, mkubwa yuko sekondari, wadogo bado wanasoma pale pale shule ya kijiji. Aliwaza kota itakapofungwa na vyombo vyao vikikaa nje. Aliwaza jembe la Bugwema na mgongo wake. Alijua kabisa anachokipoteza, tena alijua serikali haimwiti mtu mara ya pili. Vidole vyake vikaenda kwenye mkanda, vikaanza kufungua kifungo. Havikufanya haraka, lakini vilikuwa vinafungua.

Ndipo Mwikwabe akazungumza naye. Miaka yote ya ndoa ile hakuwahi kumwelekezea neno.

"Afande, acha mkanda. Geuka unitazame."

Leodgar akabaki vilevile.

"Nimesema geuka. Mimi si mkwe wako." Mzee akapaza sauti ili safu zote zisikie, na wengi mle walikuwa watu wa Bunda na Serengeti, wanaojua neno la namna hiyo linavyokwenda. "Nyie wote mlioko hapa mnisikie. Ng'ombe za huyu kijana nimezirudisha leo. Binti yangu Justina nimemchukua. Zitabaki tatu za watoto, sababu watoto ni wake, zile nyingine vijana wangu watazipeleka Bugwema. Huyu sasa ni askari, mimi ni mfungwa. Hatudaiani undugu."

Mfungwa mmoja mzee aliyekaa mbele akainamisha kichwa mpaka magotini. Mwikwabe akavua kaptula, akaitupa miguuni kwa Leodgar, akainua mikono.

Leodgar akageuka. Alimtazama. Aliona mbavu, na kovu refu la pembe ya ng'ombe ubavuni ambalo Justina alikuwa akilisimulia, na mapaja yaliyokuwa yamekwisha. Alipapasa kaptula, akaipindua mifuko, akasema "ruka," na mzee akaruka, akasema "fungua mdomo," na mzee akafungua. Alifanya yote kama yalivyoandikwa. Kaptula ilimponyoka mara mbili wakati wa kuirudisha.

Mkuu alikuwa hajaelewa hata nusu ya yaliyosemwa mbele yake.

"Sasa ugumu ulikuwa wapi?" akauliza, akaondoka zake.

Habari ilimtangulia Leodgar nyumbani. Alimkuta Justina ameketi mlangoni, khanga moja imekunjwa pembeni yake, na sufuria haijapanda jikoni.

"Ni kweli?" akauliza.

"Alisema ili nisifukuzwe. Nilishaanza kuvua mkanda, Justina. Nilikuwa naondoka."

"Nimekuuliza ni kweli alisema?"

"Alisema."

"Na ulimtazama?"

Leodgar akainama akaanza kufungua waya wa buti. Justina alilia kidogo tu, kisha akakasirika, na hasira yake ni ya haki mpaka leo.

"Mmekaa miaka hamuongei, nyie wawili. Siku mmeongea mara moja, mmeongea juu yangu, na mimi sipo. Hakuna aliyeniuliza. Ningewaambia acha kazi, twende Bugwema tukalime, kwani mihogo ya huko ina sumu?"

"Bado tunaweza kwenda."

"Kwenda kama nani? Baba kanichukua mbele ya watu. Nikilala hapa leo ninalala kwa mwanamume asiyenitolea kitu."

"Padre alitufungisha."

"Padre hakunizaa," Justina alisema, akafunga mzigo wake.

Jumapili ya kutembelewa wafungwa, watoto wa kiume wa Mwikwabe waliitwa na baba yao. Walidhani amechanganyikiwa. Aliwaambia neno likisemwa bila ng'ombe kutembea linakuwa mchezo, na kama ulikuwa mchezo basi Leodgar amemvua mkwe wake, na laana itawapata wale wajukuu watatu. Ng'ombe walitembea. Tisa waliswagwa kwenda Bugwema kwa njia ile ile waliyojia babu zao, na mama yake Leodgar akawapokea huku anapiga yowe kama amefiwa. Watoto nao walihamia kwake. Yule mkubwa alikataa kumsalimia baba yake likizo nzima.

Leodgar aliendelea na kazi aliyookolewa asiipoteze. Sasa alimpekua Mwikwabe kila jioni iliyomwangukia zamu, bila kugeuka, na mzee alivua bila kungoja kuambiwa. Inasemekana binadamu huzoea; Leodgar hakuzoea. Alijifunza tu kufanya huku akiwaza mambo mengine, na alikonda. Jibu la uhamisho lilikuja kutoka Dar es Salaam mwaka huo huo: ombi limekataliwa kwa kukosa sababu ya msingi. Benedikta alilileta mwenyewe mpaka kituo cha basi cha Bunda, akampa pole kama mtu aliyefiwa, kwa maana alikuwa amesikia.

Nje ya ukuta dunia ilikuwa inabadilika. Serikali iliwaruhusu wenye fedha zao nje ya nchi walete bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Maduka ya Bunda yakajaa taratibu: sabuni, khanga, betri, hata nguo za mitumba zikatandazwa chini sokoni. Wafungwa waliokwenda kupakua pamba mjini waliona katoni za sabuni ile ile ya Kenya zimepangwa barazani, mwenye duka amekaa juu ya moja akipiga mswaki. Walirudi wakamwambia Mwikwabe. Aliuliza tu kama nayo bado inatoa povu jingi.

Desemba ya themanini na tano, kwa msamaha wa sikukuu ya Uhuru, Mzee Mwikwabe aliachiwa. Leodgar aliomba asiwe zamu siku hiyo. Alichukua likizo, akaenda Bugwema, akakaa siku kadhaa akiwatazama wale ng'ombe. Walikuwa wameongezeka kwa ndama wawili. Aliwachukua wote, akamwomba mjomba wake amsindikize kama inavyotakiwa, wakawaswaga kuelekea Bunda kwa siku mbili, wakilala kwa jamaa njiani. Leodgar hakuwa ametembea hivyo tangu ujana. Magoti yalimuuma, lakini mjomba wake alisema baadaye kwamba njia nzima alikuwa akipiga mluzi.

Walifika asubuhi. Mwikwabe alikuwa uani kwake, amevaa koti juu ya khanga, anaota jua. Leodgar alisimama mbali, akageuza uso pembeni kama mkwe, na mjomba akaanza kusema maneno yanayosemwa: tumekuja kuomba jiko, tumeleta mifugo, tunamtaka binti yenu aliyepotea zizini kwetu.

Mwikwabe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha hakumjibu mjomba. Alimtazama Leodgar.

"Leodgar. Njoo hapa karibu. Usigeuze shingo, itakuuma bure."

Leodgar akasogea.

"Ng'ombe ni nzuri. Umezitunza," mzee alisema. "Lakini siwezi kuzipokea."

"Baba, ulisema vile ili nisifukuzwe. Kila mtu anajua."

"Nilisema vile na nilimaanisha. Ungekuwa umeshafukuzwa ningesema nini? Nilikuona unafungua mkanda kwa ajili yangu, nikasema huyu kijana hawezi kufa njaa kwa sababu ya sabuni yangu. Nilijua ninachokitoa. Nilimtoa Justina." Akafuta macho kwa ncha ya khanga bila kuona haya. "Sasa sikiliza. Uliniona jioni ile na jioni nyingi sana baadaye. Uliniona ukiwa mtu baki, ndiyo maana watoto wako wazima. Nikizipokea hizi leo, unakuwa mkwe wangu tena, na yote yale yanakuwa yalifanywa na mkwe. Nitawaua wajukuu zangu kwa mkono wangu. Hilo hapana. Hilo usiniombe tena."

Mjomba aliyajua hayo tangu Bugwema na hakuwa na ujasiri wa kuyasema. Leodgar akauliza, "Na Justina anasemaje?"

"Muulize mwenyewe, yuko jikoni. Yeye ni mama yao kabla hajawa mkeo. Lakini kwanza kaa. Umetembea mbali."

Justina alitoka jikoni na maji ya kunawa. Alikuwa amepungua, na alimmiminia maji mkononi polepole mpaka yakaisha kwenye birika, akabaki ameliinamisha hivyo hivyo. Uso wake ulikuwa umeshajibu hata kabla ya kuulizwa. Alirudi ndani akaleta ugali na sahani moja ya nyama, akaiweka kati ya mumewe wa zamani na baba yake.

Sahani ilikuwa moja. Hakuna mkwe anayetia mkono katika sahani ya mkwe. Hilo hata mtoto anayechunga ndama analijua. Mwikwabe akavuta kigoda mpaka magoti yao yakagusana, akamega tonge, akachovya, akamwambia, "Kula, mwanangu. Sasa tunaweza kula wote."

Alisema kwa upendo mtupu, na hicho ndicho kilichommaliza Leodgar. Alikula, maana kukataa kungekuwa tusi kwa mtu aliyemfanyia vile. Justina alipokuja kuondoa vyombo alimkuta analia na mdomo umejaa, na baba yake anamsogezea nyama iliyobaki.